Usafi Unaotutia Njaa

Mwezi wa saba, ukishuka kutoka Mpanda, mkoani Katavi, kwa barabara ya kwenda Ikola na Karema, Kapalamsenga inakupokea kwa moshi kabla hujaziona nyumba. Mahindi yameshavunwa, pamba inamaliziwa kuchumwa, na zamu iliyobaki ni ya kiberiti. Mtu anawasha njiti upande unaotoka upepo, anarudi nyuma hatua kumi, anatazama. Watoto wanakimbia pembeni mwa moto na fimbo, wakiwavizia panya wanaotimka. Vijana wawili wamesimama upande wa pili na matawi mabichi, wauzime ukijaribu kuvuka kwa jirani. Kufikia magharibi shamba lote ni jeusi, na asubuhi yake mwenye shamba akipita kulitazama, kila anayekutana naye njiani anampa pongezi ile ile: "Umelisafisha."

Naandika kwa sababu ya neno hilo. Kinywani mwetu shamba lililoungua ni safi, na shamba lenye mabua na majani yanayooza ni chafu, ni la mvivu, ni la mtu asiye na watu wa kumsaidia. Mama mmoja mjane wa pale aliniambia alichoma mabua yake mwaka juzi ingawa aliijua hasara yake, kwa sababu shamba lake liko kando ya njia na wakwe zake walikuwa wakipita. Aliona haya. Jambo likishafika kwenye haya, bwana shamba na vipeperushi vyake hana atakaloongeza, na ndiyo maana mabishano haya lazima yaanzie kwenye hilo neno kabla ya kufika kwenye mbolea.

Nyuma ya moto kuna imani nzima, na karibu kila mkulima ninayemfahamu Katavi anaishikilia, wakiwemo waliosoma. Inasema kwamba rutuba huja na ardhi kama maji kwenye mtungi: unachota, unachota, siku moja mtungi unakauka na ardhi "imechoka". Ikichoka una njia mbili. Ukiwa na nguvu unafyeka pori jingine; ukiwa na fedha unanunua mfuko. Kwa imani hiyo rutuba hutoka ama msituni ama dukani, na shamba lenyewe ni mahali pa kupitia tu. Mimi nasema rutuba hutengenezwa palepale shambani, kila mwaka, na kitu kinachoitengeneza ndicho hicho tunachokipiga kiberiti mwezi wa saba.

Hoja ya wanaochoma nitaieleza kwa ukamilifu, maana si haki kupinga hoja ya mtu ukiwa umeikata miguu. Mzee mmoja alinieleza hivi, tukiwa tumekaa barazani kwake: "Mwanangu, mabua ukiyaacha plau inakwama. Wadudu wanalala humo, nyoka wanalala humo. Moto unaua mbegu za magugu. Na majivu ni mbolea. Baba yangu alilima kwa majivu, na ghala lake sikuwahi kuliona tupu."

Kila alichosema kina ukweli ndani yake. Moto kweli hupunguza baadhi ya wadudu na magugu. Majivu kweli ni mbolea: yana potasiamu, yana chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo, yana fosforasi kidogo. Mtu akifyeka pori la miombo, akalichoma na kupanda mahindi, mwaka wa kwanza atavuna vizuri, na wa pili atavuna tena. Aliyeona hivyo kwa macho yake tangu utoto hawezi kuambiwa kwamba anaota.

Lakini tuulize majivu ya baba yake yalikuwa ya nini. Yalikuwa ya miti iliyokuwa imesimama miaka ishirini, mizizi yake imezama chini kabisa kunyonya madini ambayo muhindi hauyafikii, majani yake yamepukutika na kuoza kila kiangazi. Moto ulifungua akiba ya miaka ishirini kwa siku moja. Kisha baba yake alilima misimu mitatu au minne, akaliacha shamba, na pori likarudi kwa miaka kumi na mitano au zaidi kuweka akiba upya. Majivu ya mabua ya msimu mmoja ni vumbi la kujaza ndoo chache, na upepo wa mwezi wa nane unayapeleka Ziwa Tanganyika kabla ya tone la kwanza la mvua. Tumerithi kiberiti cha wazee wetu bila kurithi mapumziko waliyoipa ardhi.

Mapumziko hayo hayakuondoka kwa uzembe wa mtu wa Kapalamsenga, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kuna tabia mbaya ya kumlaumu mkulima kwa kila kitu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, na faida zake za shule na zahanati hazikataliki. Ila iliwakusanya na mashamba yao pia. Ardhi iliyo karibu na kijiji ikalimwa mfululizo, na mzunguko wa kuacha shamba lipumzike ukafupishwa mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha. Mbinu iliyokuwa na miguu miwili, moto na mapumziko, ikabaki na mmoja.

Barazani kwa yule mzee niliomba glasi mbili za maji. Nilikuwa na mabonge mawili ya udongo, kila moja ukubwa wa limau dogo. La kwanza nililitoa chini ya mninga uliosalimika mpakani mwa shamba lake. La pili nililitoa hatua thelathini kutoka hapo, katikati ya shamba ambalo limechomwa kila mwaka tangu lifyekwe. Yote mawili yalikuwa makavu, udongo ni ule ule, la mninga likiwa na weusi kidogo tu. Tukayatumbukiza kwa pamoja. Bonge la shambani lilitoa mapovu, likapasuka, na kabla mjukuu wa mwisho hajamaliza kuhesabu hadi hamsini lilikuwa limekwisha: mchanga chini, tope juu yake, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Bonge la mninga lilikaa. Tuliletewa mihogo ya kuchemsha, tukala, tukanawa mikono, tukarudi kulitazama. Kona moja ilikuwa imemomonyoka kidogo, na maji yake bado ungeweza kuona mkono upande wa pili.

Tofauti ya mabonge yale ni mboji, na ukitaka kulielewa shamba la Katavi lielewe hilo kwanza. Udongo wa mapori ya miombo kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, na mfinyanzi wake mchache ni wa aina isiyo na nguvu ya kushika virutubisho. Kinachoshika virutubisho na maji, kinachogandisha chembe za udongo zisisambaratike, ni mabaki ya mizizi na majani yaliyoozeshwa na kuvu, mchwa, minyoo na vijidudu tusivyoviona. Hiyo ndiyo gundi na ndiyo ghala. Mboji yenyewe haikai milele; viumbe wa udongo wanaila kila siku ya joto na unyevu, na isipoongezwa inapungua. Chakula chao ni masalia ya mazao. Ukiyachoma miaka kumi mfululizo umewafungia chakula miaka kumi, halafu unasema ardhi imechoka.

Na udongo uliopoteza gundi unafanya jambo jingine ambalo tunalisingizia mbingu. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja inapiga uso wa shamba lililo uchi, chembe zinasambaratika kama lile bonge, zinaziba vitundu, na uso unakauka kuwa gamba. Mvua ya pili inateleza juu ya gamba kwenda bondeni. Kisha jua likiwaka siku kumi mahindi yananyauka, na sote tunasema mvua za siku hizi zimepungua. Nyingine zimebadilika kweli. Lakini nimesimama Januari kwenye shamba la namna hiyo, siku moja baada ya mvua kubwa, nikachimba kwa mkono, na chini ya kina cha vidole vitatu udongo ulikuwa mkavu wa vumbi. Maji yaliletwa, shamba likayakataa.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda hesabu. Mkulima akivuna magunia kumi ya mahindi kwa ekari, ya kilo 100 kila moja, ametoa shambani kilo 15 hivi za naitrojeni ndani ya punje. Hizo zimeenda ghalani na sokoni, ndiyo kazi yake. Mabua na majani ya mahindi hayo yamebaki na kilo nyingine sita hadi nane. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo anayechoma mabua ya ekari moja anachoma naitrojeni karibu ya theluthi ya mfuko, maana naitrojeni karibu yote na sehemu kubwa ya salfa haziachi majivu, zinaondoka na moshi. Potasiamu, ambayo sehemu yake kubwa iko kwenye mabua wala si kwenye punje, inabaki kwenye majivu ikisubiri upepo na maji ya juu. Na hasara hiyo ndiyo ndogo. Hasara kubwa ni zile kilo elfu moja na zaidi za mabua ambazo zingekuwa chakula cha udongo, ambazo hakuna duka Mpanda linaloziuza.

Hapo ndipo wanaoamini mfuko wananijia juu, na wengi wao ni marafiki zangu. Wanasema: kwani ruzuku si ipo? Ipo, nami niliifurahia. Mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, mfuko wa urea ukapita Sh 120,000, na serikali ilipoanzisha ruzuku msimu wa 2022/23 ukashuka hadi Sh 70,000. Mwenye kulima kwa jembe la mkono anajua maana ya tofauti hiyo. Sina ugomvi na mfuko. Nina ugomvi na mahali tunapoumwaga. Urea ikiwekwa kwenye mchanga usio na mboji, mvua mbili kubwa zinaishusha chini ya mizizi, na upotevu huo unaongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Mkulima anaona mahindi yamekuwa kijani wiki tatu kisha yamepauka, anaongeza mfuko wa pili, na mwaka unaofuata anauliza kwa nini mifuko miwili haifanyi kilichokuwa kikifanywa na mmoja. Amejibiwa mara nyingi kwamba anunue mbegu bora. Hajaambiwa kwamba anajaza maji kwenye tenga.

Shamba lenye mboji linatumia mbolea kidogo na kuirudisha kwa mavuno. Kifuniko kimoja cha soda cha mbolea kwenye shimo lenye samadi kitafanya kazi kubwa kuliko konzi iliyorushwa juu ya gamba. Kwa hiyo anayetaka ruzuku ya taifa isipotee bure angekuwa wa kwanza kupiga kelele mwezi wa saba.

Imani ya pili, ya pori, ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa Katavi inaonekana kama mahali pasipo na mwisho. Ukisimama juu ya kilima chochote Wilaya ya Tanganyika unaona miti hadi macho yachoke. Basi mtu anasema, pori bado lipo. Sensa ya 2012 ilihesabu Katavi watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Katika miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili, kasi kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Ardhi haikuongezeka hata ekari moja, na sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa, mapori na misitu ambako jembe haliruhusiwi. Mto Katuma, unaotoka milima ya Mwese na kupita Hifadhi ya Katavi kwenda Ziwa Rukwa, unakauka kiangazi hadi viboko wanarundikana kwenye tope. Na vijiji vinavyotunza msitu wa milima ya Ntakata vimekuwa vikilipwa fedha za kaboni kwa miti kusimama tu. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya shilingi, pori si kitu cha bure kinachosubiri shoka.

Tena wengi wa waliohamia Katavi na mifugo yao walitoka Shinyanga na Mwanza, na hao wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Shinyanga ilikuwa na pori. Lilifyekwa kufukuza mbung'o wakati wa mkoloni, likafyekwa kwa pamba, likafyekwa kwa malisho na kuni, mpaka ardhi ikabaki tambarare nyeupe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi zaidi ya yote hakikuletwa na mradi: kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kuzungushia eneo na kuliacha lipumzike hadi kiangazi. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti. Nimesikia mara nyingi Mpanda watu wakisema wahamiaji ndio wanaomaliza ardhi. Mimi nasema ndani ya nyumba hizo kuna wazee wenye elimu ya kufufua ardhi iliyokufa, na kila zizi lao lina kilima cha samadi kinachopigwa jua na mvua bila kazi. Tumewalaumu bila kuwauliza.

Kuna wanaonikubalia mpaka hapa kisha wananifungia mlango kwa maneno haya: hizo ni mbinu za semina. Mradi unakuja na fulana na posho, mashamba darasa yanang'aa miaka mitatu, mradi ukiondoka kila mtu anarudi kwenye kiberiti. Wana haki ya kusema hivyo, wameona. Ila wanakosea wanapodhani kulisha udongo kumeletwa na semina.

Wafipa, majirani zetu wa uwanda wa Sumbawanga, wamekuwa wakilisha udongo tangu kabla ya bwana shamba wa kwanza kuzaliwa. Mvua zikielekea kuisha wanakusanya majani, wanayafunika kwa udongo uliokatwa na nyasi zake, inakuwa safu ya vilima shamba zima. Juu wanapanda maharage. Ndani majani yanaoza. Mvua zinazofuata vilima vinasambazwa na ulezi unapandwa juu ya mboji iliyo tayari. Hakuna njiti iliyowashwa. Wamatengo wa Mbinga nao wana ngoro: wanalaza majani kwa miraba kwenye mteremko, wanayafunika kwa udongo wa katikati, yanabaki mashimo yanayozuia maji na kingo zenye mboji za kupandia. Milima ya Umatengo ni mikali kiasi kwamba kwa plau na moto ingekuwa imeshabaki mwamba, na bado inalimwa. Na pale Peramiho, Songea, padre Gerold Rupper, Mbenediktini, alitumia miaka mingi kueneza zao la marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofunika magugu na kuacha naitrojeni ardhini. Jina lenyewe limebeba kazi yake: linarejesha. Kenya magharibi majani yake yanaliwa kama mboga, wanaiita mitoo, jambo ambalo kwetu halijulikani sana na ni pengo, kwa sababu mkulima mwenye ekari mbili hawezi kuliachia eneo zao lisilofika mezani wala sokoni.

Kuhusu hilo la mezani na sokoni, watetezi wa kilimo hifadhi wamekosea mara nyingi. Mbaazi ni mmea mzuri kuliko maelezo: mizizi yake inazama, majani yake yanapukutika shambani, inasimama baada ya mahindi kuvunwa na kuufunika udongo wakati wa jua kali, na inafungua fosforasi ambayo mazao mengine hayaipati. Lakini mkulima aliyepanda mbaazi kwa kuahidiwa bei aliumia mwaka 2017, India ilipozuia uagizaji na bei ikaporomoka. Apandaye mbaazi apande kwa sababu zinaliwa nyumbani na kwa sababu ya udongo. Bei ikija ni nyongeza.

Nitasema ningefanya nini Kapalamsenga, kwenye ekari moja, bila mradi. Mashimo ya kuvunia maji ya kule Dodoma nisingeyaiga. Kule mvua ni chache, huku tatizo letu ni mvua inayokimbia. Ningeacha mabua, ningeyalaza kwenye mistari, nikalima katikati ya mistari hiyo ili plau isikwame, na mwaka unaofuata nikahamisha mistari. Palizi ya kwanza ikiisha ningepanda mbaazi au fiwi katikati ya mahindi. Samadi ningeichukua zizini kabla ya mvua kuiosha, nikaifunika kwa majani na udongo, nikaiweka viganja viwili kila shimo, maana samadi ya kutawanya shamba zima haitoshi kamwe. Ningechukua udongo wa kichuguu kilichokufa, kwa kuwa kila mtoto wa huku anajua mahindi yaliyo karibu na kichuguu huwa kijani kuliko mengine. Machipukizi ya mninga na mtundu yanayotoka kwenye visiki ningeacha machache kila ekari badala ya kuyang'oa yote. Na kama ningekuwa na fedha ya nusu mfuko wa urea, ningeinunua.

Ningeinunua kwa sababu moja ambayo semina hazisemi, na kutoisema kumewavunja moyo wengi. Mabua makavu yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni ya udongo kwa muda. Msimu wa kwanza mahindi yanaweza kuwa na umanjano. Mkulima aliyeahidiwa muujiza anaona umanjano, anasema nimedanganywa, na kwa haki yake anarudi kwenye moto. Aambiwe ukweli tangu mwanzo: mwaka wa kwanza utapata sawa na jana au pungufu kidogo, kwa hiyo weka samadi, kunde au mbolea kidogo kuziba pengo hilo, mwaka wa tatu tuzungumze. Magugu nayo yatakusumbua msimu wa kwanza na wa pili. Mzigo huo wa palizi unawaangukia akina mama, na mwanamume anayeamua kuacha kuchoma bila kuongeza mikono yake kwenye palizi ameamua kwa mgongo wa mwenzake.

Kikwazo kikubwa zaidi hakiko kwenye udongo hata kidogo. Kiko kwenye kukodi. Yule mama mjane, mbali na shamba lake la kando ya njia, analima ekari mbili za kukodi, msimu mmoja mmoja, fedha mkononi kabla ya kulima. Alipoweka samadi mwaka mmoja na mahindi yakakubali, mwenye shamba alilichukua mwenyewe msimu uliofuata. Nani atamshauri mama huyo apande mbaazi za kustawisha udongo wa mtu mwingine? Wenye ardhi wanaokodisha kwa msimu mmoja wanajitengenezea jangwa na kulipwa kodi kwa kulitengeneza. Serikali za vijiji zina uwezo wa kusimamia mikataba ya miaka mitatu au minne, imeandikwa, mashahidi wapo. Haihitaji wafadhili. Inahitaji mkutano mmoja.

Ng'ombe pia wanahitaji mkutano. Baada ya mavuno mashamba yetu ni malisho ya wote, na anayeacha mabua anawaachia mifugo ya watu. Wengi wanachoma kwa hasira hiyo tu: bora yaungue kuliko yaliwe na ng'ombe wa fulani. Dawa ni makubaliano, si ugomvi. Ng'ombe waingie, wale sehemu ya mabua, walale humo usiku kadhaa kwenye zizi la kuhamishwa, waache kinyesi na mkojo wao, watoke kabla ya tarehe fulani. Mfugaji amepata malisho, mkulima amepata samadi iliyojileta kwa miguu yake.

Nasema makubaliano kwa makusudi, kwa sababu najua kishawishi cha viongozi ni faini. Mwaka 1955, Uluguru, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa amri ya mkoloni. Watu waliandamana, ghasia zikazuka, na mpango wote ukaanguka. Kuzuia mmomonyoko kwa matuta hakukuwa wazo baya. Baada ya kulazimishwa matuta yakawa alama ya utumwa, na wazee wa sehemu nyingi nchini bado husikia neno hifadhi wakakumbuka amri na adhabu. Sheria ndogo ya kumtoza faini mama aliyechoma ekari moja, wakati mwenye shamba anayemkodishia haguswi, itaurudisha mwaka ule.

Yule mzee wa glasi hakunikubalia. Aliniambia, "Nimekusikia, mwanangu. Nusu ekari nitakuachia, kule kona ya chini." Twende tukaione, nikasema. Tulishuka. Kona ya chini ndiko kiduha kimetawala, maua yake ya zambarau yamekaukia kwenye vishina vya mahindi yasiyozidi kiuno. Gugu hilo hustawi pale naitrojeni ilipokwisha. Pale hata samadi ya zizi zima ingechukua miaka kuonekana. Nikamwambia, shikamoo yako, mzee wangu, lakini hapa unanipa mgonjwa aliyekata kauli. Nipe nusu ekari ya juu, karibu na mninga, ambayo bado inazaa. Akanyamaza kidogo, akatazama juu, akatazama ile kona. Akasema ile ya juu ndiyo inayolisha nyumba.

Tukabishana mpaka jua likaanza kushuka, kwa heshima, kama watu wanaojuana. Mwishowe alimwita mjukuu wake mkubwa, akamwonyesha kwa fimbo kuanzia kwenye mninga hadi kwenye kichuguu, akamwambia akwatue njia ya moto upana wa hatua tatu. Ilitoka kama robo ekari, si nusu. Kijana akaanza kulima. Upande wa pili wa mstari wake moto ulikuwa umeshawashwa, na tulisimama pale wote watatu tukiulinda usivuke.